Kamioneti Yenye Turbo Mbili: Ijue Kabla Haijakuunguza



Siku hizi mazungumzo ya turbo hayakauki garajini. Mmoja anasema kamioneti yake inapanda milima ya Masisi na mzigo mzima bila kuhema. Mwingine anatafuta turbo ya pili ili aifunge juu ya ile ya kwanza. Mashofere wanacheka, mafundi wanapiga hesabu ya bei, na wachimbaji wanaopanda nyuma wanafurahi kufika mapema.

Ukurasa huu si wa mekanika, ni wa usalama na afya. Hatutakufundisha kufunga turbo. Lakini mtu hawezi kujilinda na kitu asichokielewa. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jinsi turbo mbili zinavyofanya kazi, halafu tutaeleza namna zinavyoweza kuumiza mwili wa binadamu, na mwisho tutatoa kanuni za kila siku. Shofere, fundi, msaidizi wa garaji, na wewe unayepanda nyuma, nyote mnahusika.

KWA NINI MOTERE INAKOSA PUMZI HUKU KWETU

Motere ya mazutu inakula vitu viwili: mazutu na hewa. Mazutu inatoka tangini, na kipimo chake hakibadiliki. Hewa inatoka nje, na hewa ya nje hailingani kila mahali.

Sisi wa Goma tunaishi juu. Uso wa Ziwa Kivu peke yake uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na mji uko juu zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo hewa yetu ni nyepesi. Pwani ya bahari hewa inakandamiza kwa karibu kilo 1 (kilo hizi ni zile tunazopimia mpira wa gari). Goma inakandamiza kwa kilo 0.85 hivi. Ukipanda mpaka mita 2,000, kama ilivyo katika vilima vingi vya Masisi, inabaki karibu kilo 0.8.

Mtu aliyetoka pwani akipanda mlima Nyiragongo anahema, kwa sababu kila pumzi anayovuta ina oksijeni pungufu. Motere isiyo na turbo nayo ni hivyo hivyo. Inavuta hewa nyepesi, mazutu haiungui yote, nguvu inapungua, na moshi mweusi unatoka.

Dawa ya ugonjwa huo ilifikiriwa zamani. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya ugunduzi wa kutumia moshi wa motere kusukuma hewa mpya ndani ya motere ile ile. Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, aliipandisha motere ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, wenye mita 4,300 hivi. Motere hiyo ilikuwa na nguvu ya farasi 350 huko chini. Kule juu, bila turbo, ilibaki na farasi 230 hivi. Ilipofungwa turbo ilirudi kwenye 350. Basi turbo ni kitu cha watu wa milimani tangu mwanzo, na si ajabu kwamba sisi tunaipenda.

TURBO MBILI ZINAFANYAJE KAZI

Turbo moja ni magurudumu mawili madogo kwenye mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza linasukumwa na moshi wa moto unaotoka motereni. Linapozunguka linazungusha la pili, ambalo linavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya motere. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Haukai juu ya kitu kigumu, bali unaelea katika utando mwembamba wa mafuta ya motere. Mafuta yakikosekana kwa sekunde chache tu, chuma kinasugua chuma, na turbo imekufa.

Zikiwa mbili, zinaweza kupangwa kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni kugawana kazi. Motere imegawanyika pande mbili, na kila upande una turbo yake. Ndivyo ilivyo kwenye Toyota Land Cruiser ya namba 200 yenye motere ya mazutu ya V8.

Namna ya pili ni kupokezana. Turbo ndogo inaamka haraka motere ikizunguka polepole, na kubwa inachukua kazi motere ikipata mwendo. Kamioneti kama Ford Ranger ya lita 2.0 yenye turbo mbili na Volkswagen Amarok ya BiTDI zilitoka kiwandani na mpango wa namna hiyo.

Namna ya tatu ni kulishana. Turbo kubwa inashindilia hewa, kisha inaipa ndogo, na ndogo inaishindilia tena. Hapa angalia hesabu vizuri, maana wengi wanakosea. Nguvu za turbo hizi hazijumlishwi, zinazidishana. Tuseme kila moja inashindilia hewa mara mbili. Hewa ya Goma ya kilo 0.85 inakuwa 1.7 baada ya turbo ya kwanza, na 3.4 baada ya ya pili. Hiyo ni mara nne ya hewa tunayovuta sisi. Fundi anayedhani ameongeza kidogo tu, ameongeza sana.

NGUVU HIYO INALIPIWA

Hakuna nguvu ya bure. Turbo ya pili inaleta joto, presha na mwendo.

Kwanza joto. Ukipiga pampu ya baiskeli inapata moto mkononi. Hewa iliyoshindiliwa mara mbili inapita digrii 100 kabla hata ya kuingia motereni. Ndiyo maana inahitaji radiatere yake ya kupozea hewa. Upande wa moshi ndio mbaya zaidi. Gari lenye mzigo likipanda mlima mrefu, moshi unaoingia kwenye turbo unafika digrii 600 au 700, na nyumba ya turbo inaweza kuwa nyekundu kama mkaa.

Pili presha. Kila mpira wa hewa, kila pete ya kukaza, kila boliti ya kichwa cha motere inabeba mzigo ambao haikuuzoea.

Tatu mwendo. Gari linapanda haraka, lakini freni ni zile zile. Gari likitoka kilomita 40 kwa saa na kufika 60, mwendo umeongezeka nusu tu, lakini kazi ya freni za kulisimamisha imezidi mara mbili. Na turbo haisaidii kushuka.

Kwa hiyo tofautisha magari mawili. Gari lililotoka kiwandani na turbo mbili lilipimiwa pistoni, radiatere, mafuta na freni zake kwa kazi hiyo. Gari lililofungwa turbo garajini ni jambo lingine. Chukua Land Cruiser yetu ya kazi yenye motere ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2. Motere hiyo inapendwa kwa sababu haina turbo na haina mambo mengi. Ndani yake hewa inakandamizwa kama 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, aliyetoka kiwandani na turbo, alipunguziwa mpaka kama 18 na nusu kwa 1, ili asizidiwe. Ukiifunga 1HZ turbo na kuiongezea mazutu, halafu ukaweka turbo ya pili juu yake, unaifanyia kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Kichwa kinapasuka, pistoni inayeyuka, na mara nyingi jambo hilo linatokea mlimani, gari likiwa na watu.

Ukiona moshi mweusi mzito, usiseme gari lina nguvu. Moshi mweusi ni mazutu iliyokosa hewa. Ni kikohozi cha motere, na ndani joto linapanda.

MADHARA KWA MWILI

Sasa tufike kwenye yale yanayohusu dispansari.

Kuungua. Turbo inabaki na moto hata baada ya motere kuzimwa. Fundi anayefungua kifuniko cha motere gari likiwa limefika sasa hivi, anapitisha mkono kutafuta boliti, na ngozi inabaki kwenye chuma. Subiri ipoe. Kifuniko cha radiatere nacho kisifunguliwe kikiwa na moto, maana maji yanaruka usoni.

Mtu akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Najua Goma maji ni ya kubeba. Basi weka bidoni moja ya lita 20 ya maji safi garajini na nyingine garini, zisiguswe kwa kazi nyingine. Lita moja kwa dakika inakutosha dakika 20 kamili. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Funika kwa kitambaa safi, mlete dispansari. Usipake dawa ya meno, yai, siagi wala mafuta ya motere. Vitu hivyo vinafungia joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda.

Moto. Bomba dogo la mafuta linalolisha turbo likipasuka, mafuta yanaruka juu ya chuma chekundu na kuwaka mara moja. Ukiona mwali au ukasikia harufu kali ya mafuta kutoka mbele, simamisha gari, zima motere, shusha watu wote, ndipo utafute kizima moto. Kifuniko cha motere usikifungue wazi, maana hewa inayoingia inaupa moto nguvu.

Mazutu ya presha kuingia mwilini. Hili wengi hawalijui, na linakata vidole vya watu. Motere za kisasa zenye turbo zinapuliza mazutu kwa presha ya kilo 1,600, 2,000 na zaidi. Mpira wa gari una kilo 2 au 3 tu. Mazutu inayotoka kwenye ufa mdogo kama wa sindano inapenya glavu na ngozi, na kukimbia ndani ya kidole mpaka kiganja. Mwanzoni unaona kitundu kidogo tu, na maumivu ni kidogo. Mtu anafuta mkono, anaendelea na kazi, anakwenda kulala. Usiku mkono unavimba, na kesho yake nyama imeanza kufa.

Kwa hiyo usitafute mahali panapovuja kwa mkono. Pitisha kipande cha katoni. Na kama mazutu imekuchoma, usingoje maumivu. Njoo saa ile ile, na useme wazi: "Mazutu ya presha imeingia mwilini." Usikande, usipashe moto, usikamue. Jeraha hilo ni la kupasuliwa hospitalini, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuokoa kidole.

Motere kukataa kuzimika. Mahali mafuta yanapozuiwa ndani ya turbo pakichakaa, mafuta ya motere yanavutwa kwenye njia ya hewa. Motere inaanza kuyanywa kama mazutu. Unazima ufunguo, lakini ufunguo unakata mazutu tu, na motere inazidi kupiga kelele mpaka ivunjike vipande. Ukiwa umekaa kwenye usukani wa gari la vitesi vya mkono, kanyaga freni kwa nguvu zote, tia vitesi ya juu kabisa, achia klachi, motere ife. Ikishindikana, aliye karibu azibe mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao bapa, au apulize humo kizima moto cha gesi ya kaboni. Asizibe kwa mkono wala kitambaa, vitavutwa ndani. Kama huwezi kufanya hayo kwa sekunde chache, kimbia, na usisimame ubavuni mwa motere. Gari linanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Moshi. Mwezi wa Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa motere za mazutu unaleta saratani ya mapafu. Kati ya ushahidi mkubwa uliotazamwa ni uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi ya Marekani. Watu kama sisi, ndugu. Gari lililoongezewa mazutu kupita hewa yake linatoa masizi mengi zaidi. Kamioneti isiingie kwenye njia ya chini ya ardhi isiyopitisha hewa vizuri, na isiungurume ndani ya garaji lililofungwa. Baadhi ya gesi za moshi huo zinaumiza mapafu polepole: mtu anatoka akiwa mzima, na saa nyingi baadaye anakosa pumzi. Aliyevuta moshi mwingi mahali palipofungwa, akisikia kifua kinabana jioni au usiku, asilale nacho. Aje.

Mazuku. Wenyeji mnajua kwamba upande wa magharibi wa Goma, kando ya ziwa na kuelekea Sake, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni inatoka ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini, hasa asubuhi pasipo upepo. Inaua mbuzi, inaua mtoto, inaua mtu mzima aliyelala. Motere nayo haiwezi kupumua humo, hata ikiwa na turbo mbili, maana turbo inashindilia gesi ile ile isiyo na oksijeni ya kutosha. Gari likikosa nguvu ghafla ndani ya bonde la namna hiyo, usiiname kutazama chini yake. Panda juu kwanza kwa miguu, watu wote pamoja nawe. Na fundi asitandike katoni na kulala chini ya gari mahali palipozama.

KANUNI ZA KILA SIKU

1. Asubuhi, washa motere uiache ralanti nusu dakika mpaka dakika moja bila kukanyaga mafuta. Baridi inafanya mafuta yawe mazito, na mhimili wa turbo unayangoja.

2. Ukifika baada ya mlima, usizime mara moja. Acha ralanti dakika 1 mpaka 3, gari likiwa nje. Ukizima mapema, mafuta yaliyobaki ndani ya turbo yanaungua na kuwa makaa, na kesho yataziba njia.

3. Pima mafuta ya motere kila siku, yabadilishwe kwa wakati wake. Mafuta yakipungua bila kuvuja chini, au moshi ukiwa wa buluu, turbo huenda inayanywa. Mwambie fundi kabla motere haijakataa kuzimika.

4. Tazama filta ya hewa mara kwa mara. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake jeusi linasugua kama msasa. Jiwe dogo likipita filta iliyotoboka linakutana na gurudumu linalozunguka mara 100,000 kwa dakika. Usiwashe motere filta ikiwa imeondolewa, na usisogeze kidole, kitambaa wala mkono wa shati kwenye mdomo wa turbo motere ikiunguruma.

5. Gari lenye turbo liwe na kipimo cha joto la moshi na kipimo cha presha ya hewa, na shofere ajue kuvisoma. Joto likikaribia digrii 700, punguza mafuta, rudi vitesi moja chini. Usishindane na mlima.

6. Kabla ya safari kagua mipira ya hewa, pete zake, bomba la mafuta ya turbo, na freni. Freni dhaifu, gari halitoki.

7. Mzigo ni ule ulioandikwa na kiwanda. Turbo haikuongeza chuma kwenye fremu wala mpira kwenye magurudumu. Kushuka, tumia vitesi ile ile ambayo ungepandia.

8. Hakuna mtu anayeruhusiwa kubadilisha pampu ya mazutu au kuongeza turbo kwenye gari la kazi bila amri ya mkuu wa garaji. Gari lako binafsi ni mali yako, lakini ukibeba wenzako nyuma, umebeba roho za watu.

KWA NINYI MNAOPANDA NYUMA

Mara nyingi anayeumia si aliyechagua turbo. Ni mchimbaji aliyekaa juu ya magunia, asiyejua kilicho mbele. Ndugu, una haki ya kuuliza. Shofere akikimbiza gari kwenye mteremko, mgongee. Ukiona moshi mweusi usiokoma, au ukisikia mluzi mpya wenye ukali kutoka motereni, mwambie asimame. Turbo inayokaribia kufa mara nyingi hulia kabla. Shofere mwema hatakasirika.

Na wewe shofere, usione haya kufika umechelewa nusu saa. Dispansari inaweza kufunga kidonda. Haiwezi kurudisha kidole kilichokatwa, wala pafu lililokwisha kuharibika.

Haraka haraka haina baraka, hata kwa turbo mbili.

Msaidizi wa tabibu, Dispansari ya Kampuni, Goma